Mvua Hazikatiki, Nichukue Mashine Gani ya Kuendeshea Baiskeli Ndani?

SWALI: Mambo vipi, mvua ikianza tu baiskeli yangu inalala wiki nzima. Nataka ile mashine ya kufungia baiskeli uendeshe ndani, ila nakaa ghorofani na chini kuna jirani. Nichukue ipi?

JIBU: Pole ndugu, hapo cha kwanza ni kelele. Zile tairi la nyuma linabanwa kwenye rola ni za bei nafuu lakini zinavuma balaa na zinakula tairi, kwa hiyo ukichukua hiyo funga tairi lililochoka. Zile unazotoa gurudumu la nyuma kabisa, mnyororo unaenda kwenye mashine yenyewe, zimetulia zaidi na haziteleziteleza, ila nzito na bei imechangamka, na kabla hujalipa angalia kaseti (yale meno ya gia za nyuma) na ekseli (chuma cha katikati ya gurudumu) kama vinaendana na baiskeli yako maana kaseti ya gia 8 na ya gia 11 si kitu kimoja. Chini tandika mkeka mzito wa mpira, mtetemo ndo unaomfikia jirani kuliko hata sauti. Rola za wazi, zile unaendesha juu yake baiskeli haijafungwa popote, achana nazo kwanza, utaanguka sebuleni. Halafu feni! Ndani hakuna upepo, utalowa kuliko hiyo mvua unayoikimbia, na jasho linaozesha chuma, so tupia taulo kwenye usukani.