Jibu kwa dada wa Nyalenda: usijikunje

Dadangu, nimesoma ulichoniandikia mara mbili. Unasema kazini wanakuita mlingoti juu ya urefu na weusi wako, sasa unatembea umejikunja na umeanza kuulizia krimu za kujichubua. Nakuelewa, nililelewa hapa Kisumu nikiwa mrefu kushinda vijana wote darasani, nilikuwa najificha nyuma.

Krimu wachana nayo kwanza. Zingine ziko na zebaki, inaingia mwilini inaharibu figo. Kama ushapaka na ngozi inawasha, ona daktari wa ngozi, usikubali kuongezewa ingine dukani.

Halafu anza polepole. Mimi nilinunua gauni la njano soko la Kibuye, ile rangi nilikuwa naogopa kabisa, nikavaa Jumamosi tu, baadaye nikaenda nayo kazini, wakacheka siku mbili wakazoea. Huyo wa kukuita majina mwite kando umwambie jina lako, basi. Hata Lupita Nyong'o, aliyeshinda Oscar 2014, alisema wazi alikuwa anaomba Mungu aamke ngozi imekuwa nyeupe.

Ukiona hulali ama huli, tafuta mshauri nasaha hospitalini, usingoje.