Skrini ya bluu: kabla hujanunua RAM mpya

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina duka la fotokopi hapa Arua. Tangu nichomeke kidude cha Wi-Fi cha USB nilichoagiza Kampala, kompyuta yangu ya Windows 10 inagoma mara mbili tatu kwa siku. Skrini inageuka bluu, inaandika DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, halafu inajiwasha upya. Nimeshauriwa ninunue RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta. Kweli kidude kidogo hivyo kinaweza kuangusha kompyuta nzima?

JIBU: Nzuri, dada yangu. Kinaweza, na hela ya RAM ishike kwanza. Niliwahi kumuuzia mteja RAM mpya kwa tatizo kama lako. Kesho yake akarudi na bluu ileile. Kumbe ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa.

Word ikikosea, inafungwa yenyewe tu, kwa sababu programu za kawaida hupewa eneo lao la kumbukumbu na haziruhusiwi kugusa la mwenzake. Draiva nyingi za vifaa haziko hivyo. Zinafanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, pamoja na mitambo inayoendesha kila kitu. Ujumbe ulioandika unasema kwamba draiva imegusa sehemu ya kumbukumbu isiyofaa, tena wakati ambao haikuruhusiwa. Hapo Windows hujisimamisha kwa makusudi: ikiendelea na kumbukumbu iliyovurugika, inaweza kuandika takataka juu ya mafaili ya wateja wako.

Wakubwa nao yamewakuta. Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza faili lenye kasoro. Programu yake, inayokaa humohumo kwenye kiini, ilikuwa na vipande 20 vya data, ikajaribu kusoma cha 21 ambacho hakikuwepo. Kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zikaanguka, na safari za ndege zikafutwa nchi nyingi.

Sasa yako. Bluu ikitokea tena, piga picha kwa simu: mara nyingi chini kuna jina la faili linaloishia na .sys, na huyo ndiye mtuhumiwa. Ingia Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows, ondoa draiva ya kidude, kichomoe, kisha pakua mpya kwenye tovuti ya mtengenezaji, si ile ya CD iliyokuja kwenye boksi. Fanya kazi siku mbili bila kidude. Bluu ikiendelea hata hivyo, hapo ndipo tuipime RAM. Windows ina kipimo chake, andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia.