Usimpasue huyo mtoto shingo!!

Ndugu yangu wa Goma, wewe unayesema mdogo wako ana mtoki shingoni wiki ya sita, amoksilini amemaliza mara mbili, na jirani anataka kuupasua kesho asubuhi eti uchafu utoke. Usimpeleke. Mimi nilienda kwa miguu yangu.

Wangu ulianzia chini ya taya, hauumi, ukiugusa unateleza kama punje ya mahindi, baadaye ukafika yai la njiwa. Huku Bukavu kuna bwana ana chumba nyuma ya soko, koti nyeupe, kipimo cha moyo kinaning'inia shingoni kama mkufu. Akasema ni usaha wa jino. Wembe, dakika tano, dola 20, na mimi mjinga nikamwambia asante dokta.

Miezi minne kidonda hakikufunga!! Jumamosi kinakauka, Jumapili katikati ya misa kinafunguka tena, maji ya njano, kola inagandia shingoni, kuvua shati ni kuvuta na ngozi. Nikaanza kuvaa fulari, kitambaa cha shingoni, kwenye jua, wenzangu wakasema nimeingia sape, mambo ya kuvaa kifahari, nikawaacha waamini hivyo, afadhali sape kuliko harufu. Nikirudi kwa yule mwizi ananiambia damu yako chafu, leta dola 10 zingine.

Kumbe mtoki si jipu. Ni kituo, maji ya mwili yanayoitwa limfu kutoka kichwani na kooni yanapita mule kabla ya kurudi kwenye damu, na askari wa mwili wanangoja mule mule, wakikuta mdudu wanazaliana ili wapigane, njo maana unavimba. Ugonjwa ukiisha unashuka wenyewe. Wangu haukushuka kwa sababu ndani mlikuwa kifua kikuu, shingoni! na sikuwa nakohoa hata kidogo. Amoksilini hakiiogopi. Ukikata na wembe vijidudu vinabaki ndani na tundu linageuka bomba.

Lopitali walichoma sindano nyembamba tu, wakavuta tone wakapeleka maabara, haikuuma kushinda mbu. Vidonge miezi sita, sikulipa hata franka moja. Mkojo ukawa rangi ya Fanta ya machungwa, nikaaga familia, infirmiye, yaani muuguzi, akacheka mpaka akakaa chini, kumbe ni dawa. Wiki ya tano mtoki mwingine ukatokea nikataka kutupa vidonge vyote, akasema inatokeaka, endelea, kweli ukashuka.

Wa mdogo wako unaweza kuwa kitu kingine kabisa, mimi si daktari, lakini SINDANO YA MAABARA KWANZA, wembe hapana, kukamua hapana, kukanda na majani ya moto hapana.

Uliuliza pia juisi ya betrave, kiazi chekundu, na kinga ya mwili, na nini tena, watoto kulala pamoja? Nitarudi. Kwanza niambie huyo jirani umemkatalia ao bado.