Nalipwa kwa gunia: je, masaa yangu yanahesabiwa?

Swali: Baba mwanasheria, nafanya kazi kwenye mashine ya kusaga unga hapa Kamalondo, Lubumbashi. Tunaingia saa 12 asubuhi, tunatoka saa 1 usiku. Bosi anasema anayelipwa kwa gunia hana masaa, na kwamba masaa nane ni mambo ya watu wa ofisini. Ni kweli?

Jibu: Ndugu yangu, yote mawili si kweli. Kifungu cha 119 cha Sheria ya Kazi ya Kongo ya 2002 kinaweka kikomo cha masaa 45 kwa wiki, na kinamtaja waziwazi anayelipwa kwa kipande, kama wewe wa gunia. Muda unahesabiwa tangu unapokuwa kazini chini ya amri ya bosi, hata kama umeme umekatika na mmekaa mnangoja.

Na hayo masaa nane hayakutoka ofisini. Yalitoka kwenye vumbi kama lako, katika viwanda vya pamba vya Uingereza. Mkulima jua likizama anarudi nyumbani. Mashine ya mvuke na taa za gesi hazikumruhusu mtu kurudi. Sheria ya 1802 iliwawekea wanagenzi, yaani watoto waliokuwa wakijifunza kazi viwandani, kikomo cha masaa 12, ikabaki karatasi kwa kukosa wasimamizi. Ile ya 1833 ilileta wakaguzi wa serikali. Wanne tu, kwa nchi nzima! Lakini matajiri waliwapokezanisha watoto kwa zamu hadi mkaguzi asijue nani kaanza saa ngapi. Ndipo sheria ya 1844 ikaamuru masaa yahesabiwe tangu mtoto wa kwanza anapoanza kazi, tena kwa saa ya hadharani, wala si ile ya tajiri. Kwangu mimi, hapo ndipo sheria ilipata meno.

Nane zenyewe Robert Owen alizidai mwaka 1817, wafanyakazi wa Chicago wakazigomea tarehe 1 Mei 1886, na mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani ukazikubali viwandani mwaka 1919. Ubelgiji, iliyokuwa ikitutawala, iliziweka kwao 1921. Huku kwetu, tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waliogoma kudai mishahara walipigwa risasi katika mji huu huu.

Masaa yako yanayozidi 45 yana nyongeza: asilimia 30 kwa yale 6 ya kwanza ya wiki, asilimia 60 kwa yanayofuata. Nunua daftari. Kila siku andika saa ya kuingia na ya kutoka, wenzako wawili waweke sahihi, kisha mwende pamoja kwa mkaguzi wa kazi. Usiende peke yako.