Onyesho Lilikatwa, Swali Likabaki

Wasomaji wameniletea tena maswali kuhusu filamu za bunilizi ya kisayansi ambazo hadithi zake, kwa maneno ya mmoja wao, "zina matundu". Nimechagua yale ambayo tundu lake lilitobolewa na mkasi, wala si na usahaulifu wa mwandishi.

Swali: Katika Blade Runner ya mwaka 1982, mkuu wa polisi anasema binadamu bandia waliotoroka walikuwa sita na mmoja amekwisha kufa, kisha Deckard anatumwa kuwasaka wanne. Wa tano yuko wapi?

Hesabu yako ni sahihi. Iliyokosewa ni ya Bryant, mkuu huyo wa polisi. Muswada ulikuwa na mtoro mwingine, mwanamke aliyeitwa Mary, na mwigizaji wake alikwisha kupatikana, lakini fedha zilipobana mhusika huyo aliondolewa kabla hajapigwa picha, huku idadi iliyotajwa na Bryant ikiachwa kama ilivyokuwa. Kosa hilo la kutoa na kujumlisha liliishi miaka 25 na kuzaa dhana iliyopendwa sana, kwamba wa tano ni Deckard mwenyewe. Katika toleo la mwisho la mwongozaji Ridley Scott, lililotoka mwaka 2007, maneno yalirekebishwa na waliokufa wakawa wawili. Hesabu sasa inakubali, ingawa nakiri kwamba niliikosa kidogo ile ya zamani.

Ukitaka onyesho lililokatwa hasa, maana Mary hakuwahi kufika mbele ya kamera, litazame lile la farasi wa pembe moja. Mwishoni mwa filamu Deckard anaokota sanamu ndogo ya karatasi ya mnyama huyo, ambayo polisi mwenzake, Gaff, ameiacha mlangoni, na mtazamaji wa mwaka 1982 aliweza kuelewa jambo moja tu: kwamba Gaff alifika pale na akaamua kumwacha Rachael, binadamu bandia ambaye Deckard anampenda, aishi. Toleo la mwaka 1992 lilirudisha sekunde chache ambamo Deckard, akiwa ameketi kwenye piano, anamwona farasi huyo katika njozi. Papo hapo karatasi ile inageuka kuwa swali zito, kwa sababu Gaff hawezi kuijua njozi ya mtu mwingine isipokuwa kama njozi hiyo ilipandikizwa kichwani mwa Deckard na waliomtengeneza.

Swali: Mwishoni mwa Terminator 2, John anawaona mama wawili wenye sura moja. Alimtambuaje wa kweli?

Katika toleo la kumbi za sinema la mwaka 1991 jibu halimo. Sarah wa kweli anatokea nyuma ya yule wa bandia akiwa na bunduki, anamwamuru mwanawe asogee, naye anasogea, nasi tunaachiwa kuamini kwamba mtoto humjua mama yake. Toleo refu la mwaka 1993 linaonyesha kilichokatwa: baada ya T-1000, roboti wa metali ya majimaji anayeweza kuiga sura ya mtu yeyote, kugandishwa kwa naitrojeni, kuvunjika vipande vipande na kuungana tena kwa joto la kiwanda cha chuma, mwili wake unaanza kuharibika, mkono wake unanata kwenye reli na kuchukua rangi zake, na John anapotazama chini anaona miguu ya huyo "mama" imeshikamana na sakafu. Nadhani mwongozaji James Cameron alikata mahali pasipostahili, kwa kuwa sekunde hizo chache zilijibu swali lako na pia zilituonyesha kwamba adui huyo alikuwa amedhoofika.

Toleo hilo refu lina pia onyesho la kufungua kichwa cha roboti mwingine, yule anayemlinda John, na kuitoa chipu yake ili iweze kujifunza. Kioo unachokiona hapo si kioo: ni uwazi tu, upande mmoja yuko Leslie, pacha wa Linda Hamilton anayeigiza Sarah, akishughulika na kichwa cha sanamu, na upande wa pili wako Linda na Arnold Schwarzenegger, anayeigiza roboti huyo, wenyewe.

Swali: Kwa nini mzee Biff anaugua ghafla anaporudi mwaka 2015 kwa gari la kusafiria nyakati katika Back to the Future Part II? Ni moyo?

Si moyo. Katika onyesho lililokatwa anafifia hadi kutoweka, kwa kuwa ameyabadilisha maisha yake ya zamani kiasi kwamba hakufika uzeeni. Ila onyesho hilo halielezi jinsi alivyoweza kurudi katika mwaka 2015 uleule ambao alikwisha kuuharibu, na hilo hakuna kipande kilichokatwa kinacholiponya.

Swali: Nahodha Dallas wa filamu ya Alien alipotelea wapi?

Alipotelea kwenye njia za hewa za chombo cha angani, akimsaka kiumbe hatari, na katika toleo la mwaka 1979 hatumwoni tena. Scott, aliyeongoza pia filamu hii, alikuwa amepiga picha za Ripley, shujaa wa filamu, akimkuta amebandikwa ukutani, huku mwenzao Brett akiwa karibu naye akigeuka kuwa yai la kiumbe huyo; Dallas anaomba auawe, na Ripley anawachoma moto. Onyesho hilo lilikatwa kwa sababu lilipunguza kasi ya mbio za mwisho, nami nakubaliana na uamuzi huo. Liliporudishwa mwaka 2003 lilijibu swali lako na kufungua jingine, maana kati ya miaka hiyo Cameron alikwisha kutuletea, katika Aliens ya mwaka 1986, malkia anayetaga mayai mwenyewe.

Kwa Aliens hali ni kinyume. Toleo fupi la dakika 137 halitaji kwamba Ripley alikuwa na binti, Amanda, aliyefariki akiwa na umri wa miaka 66 wakati mama yake akielea angani usingizini kwa miaka 57. Toleo la dakika 154 linataja, na kuanzia hapo huhitaji kuuliza kwa nini anarudi kwenye hatari kwa ajili ya Newt, yule msichana mdogo. Kwa hiyo anayetaka kuzitazama zote mbili kwa usiku mmoja namshauri achukue ile ya kwanza ilivyotoka mwaka 1979, na ya pili katika toleo lake refu.