Waini kwa glasi Mbeya? Mkuu, futa kabisa hilo wazo

Hapana. Hapana mkuu. Nimesoma bandiko lako lote: mwisho wa mwezi unakuja Mbeya, unawatoa wazazi wa mchumba wako chakula cha usiku, unauliza mgahawa upi unafaa, waini ya Dodoma au ya Afrika Kusini, chumba cha kulala bei gani, na teksi kutoka uwanja wa Songwe kiasi gani. Sawa. Lakini pale chini umechomekea kwamba kuna jamaa mzoefu kakushauri muagize waini kwa glasi ili usiumie mfukoni. Huyo mzoefu ni nani? Maana hata wa kwangu alikuwa mzoefu.

Wa kwangu ni shemeji, mdogo wake mke wangu. Aliwahi kukaa kaunta kwenye hoteli moja Arusha, na tangu arudi huku nyanda za juu hakuna sherehe ya ukoo ambayo hajatufundisha kushika glasi. Mwaka jana mwezi wa saba wakwe zangu walikuja kutoka Njombe. Nikasema wazee hawa siwezi kuwalisha kitimoto cha Mwanjelwa kila siku, acha niwapeleke sehemu yenye vitambaa mezani. Jina lake silitaji. Ipo mjini, ina taa za njano hafifu, hivyo hata menyu unaisoma kwa tochi ya simu.

Tulikuwa sita. Shemeji akanipokonya menyu kabla sijafika kurasa za nyuma zenye vinywaji. "Shem, usinunue chupa. Agiza glasi, kila mtu achague ladha yake, asiyemaliza asikutie hasara." Ukiisikia inaingia akilini kabisa, ndiyo ubaya wake. Glasi moja elfu kumi na nane. Akachagua yeye kwa niaba ya wote, Pinotage, na wakati tunasubiri akatupigia darasa: zabibu hii ni ya Afrika Kusini hasa, ilizaliwa mwaka 1925 Stellenbosch, profesa Abraham Perold alipozalisha kwa kuchanganya mbegu za zabibu mbili, Pinot Noir na Cinsaut. Nimekuja kuhakiki baadaye, yote kweli. Alijua mwaka zabibu ilipozaliwa, hakujua siku chupa ilipofunguliwa.

Maana glasi zilikuja kwenye trei zimeshamiminwa huko huko nyuma. Chupa hatukuiona. Baba mkwe ni katekista mstaafu, ametunza sakristia ya misheni miaka na miaka, divai ya altare anaijua kwa harufu. Akainusa, akaonja kidogo tu, akaiweka chini taratibu, akafuta mdomo na kitambaa. Kisha akaniinamia: "Mwanangu, hii wangeitia kwenye kachumbari."

Mama mkwe akacheka mpaka akakohoa. Shemeji akatetea: "Baba, waini kavu, yaani isiyo na utamu, ndivyo ilivyo, hiyo ni asidi yake." Na mimi, kwa sababu mzee keshaonja na meza imenyamaza, nikaita raundi ya pili ili ionekane mambo yanakwenda. Msinicheke. Mbele ya wakwe mngeagiza nini, maji ya bomba?

Nilipokwenda msalani ndipo nikaiona chupa yetu mojawapo. Imesimama kwenye rafu pembeni ya mashine ya kahawa, yaani kwenye joto, imebaki robo, mdomoni imezibwa kwa tishu iliyosokotwa. TISHU, mkuu. Nikamuuliza binti wa kaunta imefunguliwa lini. "Itakuwa Jumamosi kaka, mimi nilikuwa ofu." Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Sasa piga hesabu na mimi. Glasi kumi na mbili mara elfu kumi na nane, laki mbili na elfu kumi na sita. Chupa ya kawaida ni mililita 750. Glasi zao zilikuwa ndogo, sitaki kuwaonea, tuseme mililita 125: chupa moja inatoa glasi sita. Kwa hiyo sisi tulikunywa ujazo wa chupa mbili tu. Na kwenye ule ukurasa wa nyuma ambao shemeji alinizuia kuufikia, chupa nzima iliandikwa elfu sitini na tano. Chupa mbili laki na thelathini, zikiwa zimefungwa, mpya. Nililipa zaidi ya elfu themanini juu ili ninywe masalia ya watu wa Jumamosi. Na ambaye alimaliza za kwake zote na kusogeza ya mama mkwe ni huyo huyo mtaalamu.

Kwa nini inakuwa hivyo: waini ikishafunguliwa hewa inaanza kuila, ladha ya tunda inakufa, na bakteria wa siki wakipata nafasi wanaigeuza pombe kuwa siki. Waini nyekundu ikizibwa vizuri na kukaa kwenye friji inavumilia siku tatu, pengine tano. Kwa tishu, pembeni ya mashine ya kahawa, ni kama ulanzi wa juzi, ile pombe ya mianzi. Hakuna mtu wa Iringa anayenunua ulanzi bila kuuliza umegemwa lini, ila tukikaa kwenye vitambaa vyeupe tunakuwa mabubu. Na Mbeya wanywaji wa waini mgahawani ni wa kuhesabu, wengi ni bia na konyagi, kwa hiyo chupa iliyofunguliwa kwa ajili ya glasi moja inaweza kungoja wiki nzima mjinga wa pili. Sehemu yenye watalii wengi inaisha usiku ule ule, labda ndiyo maana Arusha ushauri wa shemeji ulikuwa na mantiki. Huku hauna.

Hebu fikiria: bia ya elfu mbili na mia tano, mhudumu anaileta imefungwa, anakufungulia mezani. Akiifungulia kaunta unairudisha, tena kwa maneno. Kila baa nchi hii ndivyo tunavyofanya. Halafu kinywaji cha elfu kumi na nane tunakipokea kutoka jikoni tukisema asante.

CHUPA IFUNGULIWE MEZANI, MBELE YA MACHO YAKO. Mengine yote kwenye uzi huu ni mapambo.

Chakula chenyewe sitaki kukizungumzia sana maana presha inapanda. Tulisubiri mpaka mama mkwe akaomba shuka. Mbasa wa Ziwa Nyasa akaja kakaangwa mara mbili, mkavu, na wali hauna harufu yoyote. Mtu upo Mbeya, Kyela iko hapo chini, mchele wake unanukia hadi kwa jirani, wewe unapikia wageni mchele wa wapi huo? Nyama ya shemeji ndiyo ilikuwa nzuri. Bila shaka.

Kuhusu Dodoma au Afrika Kusini, tangu siku ile naonja nyumbani, chupa nanunua mwenyewe. Nyekundu kavu ya Dodoma ya zabibu ya Makutupora niliipenda kuliko nilivyotarajia: nzito rangi, ina ukakasi unaokausha ulimi, peke yake inachosha lakini na nyama choma yenye mafuta inatulia kabisa. Kule wanavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo usione haya kumuuliza muuza duka mzigo umeingia lini. Pinotage nayo niliirudia, safari hii ikiwa nzima, na kumbe inanukia moshi na plamu, kinywaji kizuri tu, ile siku tulimsingizia profesa wa watu. Chenin Blanc, waini nyeupe ya Afrika Kusini, ina ukali wa tofaa bichi, hiyo na kuku wa kienyeji sina neno. Ile nyekundu tamu wanayoipenda kina mama kwenye vikao mimi inanishinda glasi ya pili, ila wazee ambao hawajazoea wataifurahia kuliko kavu. Kwa wakwe watarajiwa ningeweka moja tamu na moja kavu, basi.

Na usikubali wimbo wa "nyekundu inywewe kwa joto la chumba". Chumba cha wapi? Nyuzi 15 hadi 18 ndiyo inayotakiwa. Mbeya mwezi wa saba usiku, mgahawa usio na hita, glasi yenyewe ni friji, unaishika kwa viganja viwili mpaka ipate uhai.

Mhudumu akija mwambie mapema, kwa upole: dada, tuletee chupa ikiwa imefungwa, utufungulie hapa. Soma lebo ni ile uliyoagiza, angalia kizibo au kifuniko hakijaguswa. Akikumiminia tone la kuonja, hilo tone si la kujionyesha, ni la ukaguzi. Ikinuka siki au boksi lililolowa, inarudi hapo hapo kabla baba mkwe hajamiminiwa. Na kama mezani kuna shemeji aliyewahi kufanya kazi Arusha, usimtazame usoni, ataanza habari za asidi.