Mapafu Hutangulia, Miguu Hufuata: Kabla Hujambadilishia Farasi Uwanja

Jumatatu alfajiri nilikuwa nimechuchumaa bandani, mkono ukipapasa mguu wa farasi aliyetupa ushindi siku iliyotangulia pale Ngong, uwanja wa mbio wa Nairobi, simu ikalia. Kijana mmoja wa kwetu, saisi, yaani mtunza farasi, huko nchi za Ghuba, alikuwa ameniandikia: "Mwalimu, farasi wetu watatu wamekuwa wakifanya vizuri sana kwenye mchanga. Baada ya siku kumi na mbili tajiri anawapeleka kwenye nyasi. Niwaandae vipi?"

Furaha yote ya Jumapili ikanitoka. Swali hilohilo niliwahi kuwa nalo mimi, ila sikumuuliza mtu.

Nilirudi Kenya kutoka Dubai nikitembea kifua mbele. Nilikuwa nimeona mengi. Uwanja wa Meydan ulipofunguliwa mwaka 2010, njia yake kuu ilikuwa ya Tapeta, yaani mchanga uliochanganywa na nyuzi na nta. Mwaka 2011 farasi wa Japani, Victoire Pisa, akashinda Kombe la Dunia la Dubai juu ya nta hiyo, na Transcend, Mjapani mwenzake, akawa wa pili. Baadaye ikang'olewa yote, na kufikia kombe la 2015 watu walikuwa wamerudi kwenye udongo wa mchanga. Mimi nilikuwepo mabadiliko hayo yalipofanyika. Niliona farasi waliokuwa wakipaa msimu uliopita wakirusha vichwa juu na kukataa kusogea, kwa sababu hawakuwahi kupigwa usoni na mchanga unaotimuliwa na kwato za wenzao. Kwa hiyo nilijua kwamba uwanja hubadilisha farasi. Nilidhani kujua kunatosha.

Huku Kenya nikapewa Zuhura, farasi jike wa miaka mitatu, mwekundu, mwenye alama nyeupe kwenye paji. Tulimfanyia mazoezi kwenye njia ya mchanga laini majuma kumi. Kila asubuhi alirudi hata jasho halijamkolea, pumzi imetulia kabla sijamaliza kumfungua tandiko. Tajiri alikuwa akija na wageni wake kumtazama akienda shoti. Mimi nikawa nasema, huyu yuko tayari.

Alikuwa tayari mapafu. Ilikuwa Februari, mvua hamna, nyasi zimekauka na ardhi chini yake imekuwa kama sakafu. Sikumkanyagisha nyasi hata siku moja kabla ya mbio. Aliongoza hadi mita mia mbili za mwisho, kisha nikaona hatua zake zinafupika. Joki, yule mpandaji, akamvuta hatamu. Nilipomfikia alikuwa amesimama akiuinua mguu wa mbele wa kushoto, na nilipoweka kiganja kwenye mfupa ule wa chini ya goti akashtuka kama nimemchoma. Picha ya eksirei ilionyesha ufa mwembamba kama unywele.

Tajiri hakuniita pembeni. Mbele ya masaisi wote na mabibi waliokuja na kofia zao alisema, "Wewe rudi kwenye ndoo zako." Mshahara wa mwezi ule sikuuona. Miaka imepita na bado nikipita karibu na lango la shamba lile natazama upande wa pili wa barabara. Sitasema shamba gani. Lakini nasema wazi kwamba yeye ndiye aliyeitaka mbio ile, na mimi ndiye niliyenyamaza.

Sasa nisikilize, kijana, na wengine mnaotaka kuitwa wakufunzi. Mfupa hujengwa na mishindo unayoupa. Kwenye mchanga kwato huteleza mbele kidogo kabla ya kusimama, na ule utelezi hupunguza pigo. Kwenye nyasi kavu kwato husimama ghafla na pigo lote hupanda mguuni. Farasi aliyelelewa kwenye mchanga laini ana misuli na ana pumzi, lakini mfupa wake haujawahi kuambiwa kuna kazi ya namna ile. Pumzi hujengeka kwa majuma. Mfupa na kano huchukua miezi. Mapafu yanakudanganya kwa sababu ndiyo unayoyasikia.

Mimi sasa namwanzisha farasi kwenye nyasi majuma sita kabla. Kwanza kutembea tu, halafu troti, yaani mwendo wa matiti, halafu kanta fupi, mbio za polepole, mara moja kwa juma, na shoti ya mita mia nne mwishoni kabisa. Siku zilizobaki anabaki kwenye njia aliyoizoea. Kila asubuhi nashika miguu yote minne kabla hajatoka bandani, maana akishatembea joto huenea na hutajua limeanzia wapi. Siku moja kabla ya mbio nazunguka uwanja kwa miguu na fimbo yangu. Ikidunda, farasi wangu hapandi gari la kwenda mbioni. Wakati wa masika ni kinyume: fimbo inazama, kwato zinazama, na kano ndizo zinazoteseka, basi napunguza umbali. Na anayetoka nyasi kwenda mchanga namweka nyuma ya mwenzake polepole, azoee kupigwa usoni.

Hayo tu. Mengine ni subira, na subira ndiyo wengi wetu hatuna. Tunataka picha na kombe. Masaisi wenzangu, ninyi ndio mnaolala karibu na hawa wanyama. Mkikuta joto mguuni mkanyamaza kwa kumwogopa tajiri, mmeshiriki. Msiniambie mlikuwa mnalinda unga. Mimi niliulinda, na nikaupoteza pamoja na Zuhura.

Wala sisemi kubadilisha uwanja ni kosa. Cigar, aliyeshinda kombe la kwanza la Dubai mwaka 1996, alikuwa amekimbia sana kwenye nyasi huko Marekani bila kung'ara. Mwaka 1994 wakamhamishia udongo, akashinda mbio 16 mfululizo. Huyu wetu wa Jumapili naye alikuwa hana jina kwenye njia ya mchanga. Tulimngoja miezi miwili, watu wakisema namficha. Alimaliza mbele kwa urefu wa farasi watatu, na Jumatatu ile mguu wake ulikuwa baridi kama chungu cha maji.

Nilimjibu kijana: omba majuma sita. Jana usiku akaniandikia tena. Tajiri amekubali kumwacha mmoja, wawili watakwenda. Nimemwambia asubuhi baada ya mbio aweke mkono chini ya goti kabla hajawatoa nje, aanze na yule mdogo, na anipigie wakati huohuo hata kama kwetu bado usiku.